Afadhali Niitwe Siki

Lifti ya jengo la maduka ilikwama Jumamosi, siku ambayo watu hujaa mpaka ngazi zinalalamika. Fundi alifika anahema, begi la vifaa begani, ovaroli ya bluu imepauka magotini. Humo ndani watu walikuwa wanagonga mlango, mmoja anasali, mwingine anamtukana mwenye jengo na ukoo wake wote. Ila kulikuwa na sauti moja ya kike, imetulia, inawaambia wenzake wapumue taratibu na waache kusukumana, hakuna aliyeahidiwa zawadi ya kutoka kwanza.

Fundi akaipenda ile sauti kabla hajamwona mwenyewe. Ndivyo yalivyomkuta, tusimcheke.

"Dada mwenye sauti," akaita kwenye upenyo wa mlango, bisibisi mkononi. "Unaitwa nani, tusaidiane kuwatuliza hawa?"

"Siki."

"Siki? Ile ya kwenye chupa?"

"Ileile. Na ukichelewa kufungua utaonja ukali wake."

Mlango ulipofunguka watu walitoka mbio bila hata asante. Wa mwisho alikuwa yeye. Gauni la kijani limemkaa kiunoni, koti jeupe la kazi kalikunja mkononi, kijasho cha puani kinang'aa. Alikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno, ghorofa ya nne ya jengo hilohilo. Kazi yake kuita majina ya watu kutwa nzima. Fundi akajikuta anamwambia kwamba lifti hii ni mbovu mno, itabidi aje kuikagua kila siku. Siki akamtazama juu mpaka chini, akasema hajawahi kuona fundi anayekiombea chombo kiharibike.

Ikaanzia hapo. Asubuhi simu, umeamkaje mkali wangu. Mchana simu, umekula au unaangalia meno ya watu tu. Jioni ndiyo usiseme, betri zinakufa na maneno hayajaisha. Siki akambandika jina Bisibisi, kwa kuwa kila neno analizungusha mpaka liingie. Jambo moja tu lilimshinda kulizungusha. Akimuuliza jina lake kamili, Siki anacheka na kugeuza maneno. Jina la cheti, anasema, linaumwa, limelazwa.

Jioni moja akapiga, akapokea bibi yake Siki.

"Sikitu anaoga," bibi akasema.

Fundi akajibu kwamba kama si kitu basi vizuri, lakini nani anaoga? Bibi akarudia. Fundi akarudia. Wakazungushana hivyo mpaka bibi akashikwa na kicheko, kikamletea kikohozi, na kilipoisha akamweleza. Kabla ya Siki, mama yake alizaa watoto watatu, na wote waliondoka hawajajua kutambaa. Wa nne alipolia, bibi mwenyewe akamwita Sikitu. Kifo kikipita mlangoni kikiuliza humu mna nini, kijibiwe si kitu, kiende zake. Zamani hizo lilikuwa jina la kawaida kabisa. Ukiita Sikitu mtaani wanageuka wasichana watatu na mama mtu mzima. Siku hizi, bibi akalalamika, watoto wanapewa majina ya kwenye televisheni, bibi zao hata kuyatamka hawawezi.

"Lakini usimwambie kwamba unalijua," akamwonya. "Shuleni walimtesa. Mwalimu akimwita, darasa zima linaitikia: si kitu huyo, ruka. Siku moja alirudi analia, akasema afadhali niitwe siki. Mwache akupe mwenyewe, mjukuu wangu."

Fundi akaapa. Akakata simu, akabaki jikoni analirudia peke yake. Sikitu. Lilimkaa mdomoni kama peremende.

Shida ya kitu kitamu mdomoni, kinatoka bila kuaga. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye wawili tu na ambaye masikio yake hayapitwi na jambo, akamuuliza asubuhi moja akipanga vikombe:

"Nani huyo anakupigia kila saa?"

"Sikitu," fundi akajibu huku anafunga kamba za viatu, akatoka.

Mama akasikia alichosikia. Akasikitika, maana alishaanza kuota mkwe. Na kesho yake fundi alipoisahau simu mezani, Siki akapiga, mama akapokea. Alikuwa na adabu zake zote, hata alimwita mwanangu. Akamwambia kwamba yeye hapendi watoto wa watu wachezewe, ndiyo maana anasema ukweli: amemuuliza mwanawe nani anayempigia, akajibu si kitu. Basi mwanangu, usipoteze ujana wako.

Simu ikakatwa.

Tangu hapo fundi akipiga haipatikani. Akiandika ujumbe hausomwi. Akipanda ghorofa ya nne anaambiwa dada yuko chumba cha ndani. Wiki nzima alikuwa anakaza skrubu zilizokwisha kukazwa. Mwisho bibi ndiye aliyempigia, hana hata salamu.

"Umemfanya nini mjukuu wangu? Jumatatu anakwenda kulibadilisha jina. Anasema limemfuata mpaka kwako. Hata mwanamume asiyelijua, kaliokota mwenyewe akamwita hivyo kwa mama yake."

Fundi akamwendea mama mbio. Alisemaje, lini, kwa nani? Mama akamweleza bila kificho. Fundi akaketi sakafuni palepale.

"Mama, hilo ni jina lake."

Mama akaziba mdomo kwa kanga. Kisha akakasirika, kama mama yeyote aliyekosea. Kwa nini hakusema kwamba ni jina? Watu husema, anaitwa fulani. "Na sasa umekaa chini unamsubiri nani? Vaa shati."

Kliniki ilikuwa imejaa mashavu yaliyovimba. Siki alikuwa nyuma ya kioo, koti jeupe, midomo kaipaka nyekundu ya kutangaza vita. Fundi akapanga foleni kama mgonjwa, shati limepigwa pasi upande mmoja. Zamu yake ilipofika Siki hakuinua uso.

"Unaumwa nini?"

"Sikitu."

"Kama si kitu, wapishe wenye maumivu."

"Ninaumwa Sikitu," fundi akasema. "Wiki nzima. Sili, silali."

Kalamu ikasimama. "Nani kakwambia hilo jina?"

"Bibi yako, kabla mama hajaniuliza. Na mama aliniuliza nani, hakuniuliza nini. Nikamtajia jina lako."

Ukumbi ukaacha kuguna. Siki akamkodolea macho, unamwona kabisa anairudisha ile simu neno kwa neno kichwani. Mabega yakaanza kutikisika. Fundi akadhani analia. Akaona analia na kucheka pamoja.

"Kwa nini ulinificha kwamba unalijua?"

"Nilisubiri unipe mwenyewe. Mama naye msamehe. Jina lililokidanganya kifo, mama yangu angeponea wapi?"

"Jumatatu nakwenda kulibadilisha," Siki akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Badilisha la mwisho. Weka langu. La kwanza niachie."

Mzee mmoja aliyejifunga kitambaa shavuni akaomba, kwa taabu, binti akubali upesi, jino halijui mapenzi.

Siki akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Mwambie mama yako aje kwa bibi, Bisibisi. Na jibu langu umrudilie mara mbili, asije akasikia lake."

"Na mimi je? Nisamehe, mpenzi."

"Sikitu," akasema, kwa sauti ileile ya kuitia wagonjwa, ukumbi mzima ukasikia.

Mzee akamgeukia jirani yake akamuuliza, sasa hapo amemsamehe au amejitambulisha? Fundi hakugeuka. Alikuwa amekuja kutafuta yote mawili.