Mkate Uliovuka Barabara ya Kumi na Tatu

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Naapa kwa mifupa ya mama yangu, kwa goti langu la kushoto linalotabiri mvua kuliko redio, na kwa Mtakatifu Roko pamoja na mbwa wake. Atakayenikamata na uongo, hata uwe mdogo kama punje ya ufuta, nitamnunulia sanduku zima la keki za jibini tamu na kumpelekea mwenyewe kwa miguu, goti liume lisiume. Kisa hiki nimekisimulia miaka hamsini na sijawahi kununua hata keki moja.

Basi. Ilikuwa Brooklyn, Agosti ya mwaka hamsini na sita, siku ya Mtakatifu Roko, jua la kukaanga mayai kwenye paa la gari. Watu walijaa Barabara ya Kumi na Tatu mpaka njiwa wakakosa pa kutua. Katikati yao alisimama Nunzio Maltempo, dereva wa gari la mikate, miaka ishirini na minne, ndani ya suti nyeusi ya marehemu baba yake iliyombana kwapani kama inamdai.

Sanamu ya mtakatifu ilikuwa inapita mabegani mwa wanaume arobaini. Ishirini wa kulia walikuwa watu wa Don Eustachio Ferlazzo, ishirini wa kushoto watu wa Don Gesualdo Quartararo, na mtakatifu mwenyewe alipita juu ya mstari wa katikati ya barabara, asiegemee upande wowote. Maana barabara hiyo ilikuwa mpaka. New York nzima ilikuwa sinia moja lenye walaji watano, familia tano, kila mkono na upande wake, na ole wake anayepeleka vidole kwa mwenzake. Hawakugawana mitaa tu. Huyu samaki, yule zege, huyu masanduku ya muziki ya baani, yule taka. Mikate ilikatwa katikati na barabara hii: magharibi ya Ferlazzo, mashariki ya Quartararo. Hakukuwa na ukuta wala kamba, na hakuna aliyekosea. Nunzio alikuwa akilifikiria jambo hilo kila asubuhi kwenye usukani, na kila asubuhi nywele zilimsimama, kama mtu anayetazama nyota na kujiuliza nani anazizuia zisigongane.

Ghafla wabebaji wakasimama kupumua. Umati ukarudi nyuma kama wimbi, na mfuko wa maandazi ya sukari ukampasukia Nunzio kifuani.

"Samahani, kaka," ikasema sauti. "Nimekuzeesha ghafla."

Nunzio akajitazama. Suti imekuwa nyeupe mpaka mifukoni. Akainua macho akaona gauni la kijani lenye madoa meupe, glavu nyeupe, viatu vyekundu, na macho yanayocheka kabla ya mdomo.

"Si neno, dada. Nilipanga kuzeeka kesho hata hivyo."

"Ngoja nikupanguse."

"Polepole. Suti ya marehemu."

"Marehemu alikuwa mwembamba."

"Alikuwa hali maandazi ya watu barabarani."

Binti akacheka mpaka akashika bega la Nunzio asianguke, na bega lile halikurudi tena kuwa la Nunzio. Aliitwa Filippa. Kazi yake kupiga pasi vitambaa vya meza kwenye dobi lililohudumia mikahawa ya mji mzima.

"Dobi la nani?"

"La yule aliyebeba mguu wa kushoto wa mtakatifu. Mjomba wangu."

Aliyebeba mguu wa kushoto alikuwa Don Gesualdo. Nunzio akahisi sukari imegeuka barafu.

"Usiogope," Filippa akanong'ona. "Mimi huu mji nimeufua mara mbili."

"Kuufua?"

"Wazee wakikaa kugawana, wanachora kwenye kitambaa cha meza kwa uma. Vitambaa vinaletwa kwangu. Mara ya mwisho Queens ilikuwa na doa la mvinyo. Nikaloweka, nikasugua, likakataa."

Nunzio hakuwahi kusikia neno la mapenzi lililomtetemesha hivyo.

Jumatatu akapiga simu dobini.

"Nahitaji kitambaa cha meza."

"Vingapi, bwana?"

"Kimoja. Cha watu wawili."

Mvuke wa pasi ukasikika. "Mzee wa sukari, wewe una mkahawa?"

"Nina gari la mikate na njaa."

"Mikate ya nani?"

"Ya magharibi."

"Basi kaa na njaa yako huko huko, roho yangu," Filippa akasema, lakini hakukata simu.

Hapo ndipo Nunzio alipofanya kosa. Mtu mwingine angepeleka maua. Maua hayakuwa ya familia yoyote Brooklyn, yangevuka salama. Lakini Nunzio alikuwa mtu wa mikate. Kulipokucha aliegesha gari upande wake, akavuka barabara kwa miguu na mkate wa ufuta kwapani, wa moto bado, akauweka kwenye kizingiti cha dirisha la Filippa, ghorofa ya chini. Siku ya kwanza dirisha lilikuwa limefungwa. Ya pili, limefungwa. Ya tatu likafunguka, na walichosema hapo ni chao. Asubuhi kumi na moja.

Sasa, mikate ya Ferlazzo ilichanjwa mstari mmoja mrefu mgongoni, na ya Quartararo msalaba. Asubuhi ya kumi na moja mzoa taka, mtu wa familia ya tatu kabisa, alifunua pipa la Filippa akakuta kisigino cha mkate chenye mstari mmoja, mashariki ya barabara. Akavua kofia. Saa mbili asubuhi wauza samaki walijua. Saa tatu, wamwaga zege. Kufikia adhuhuri mji mzima ulisema Ferlazzo amevamia.

Don Gesualdo alimfungia mpwawe chumbani na kung'oa waya wa simu. Alfajiri iliyofuata Nunzio hakukuta dirisha wazi. Aliporudi kwenye gari lake alikuta mkate wa jana kitini, umegeuzwa, tumbo juu. Kwa watu hawa mkate haugeuzwi. Ukiugeuza umemgeuzia mgongo Mungu, na aliyeuleta pia.

"Amenikataa," Nunzio akamwambia usukani.

Siku nne hakuvuka. Na siku nne Filippa alisimama nyuma ya dirisha lililopigwa misumari, akitazama barabara tupu.

"Ameogopa," akaiambia pasi.

Siku ya tano, Ijumaa, saa nane mchana, Nunzio aliitwa kwenye meza.

Mkahawa ulikuwa wa jirani asiye upande. Wazee watano walikaa kwenye meza moja yenye kitambaa cheupe kama sakramenti. Hakuna aliyekuwa na bastola wala sauti ya juu. Nunzio alitarajia majitu, akakuta vizee vilivyofungwa leso shingoni, kimoja kinalalamika mgongo. Hilo ndilo lililomtisha. Don Liborio, mkubwa wao, miaka themanini na moja, alikuwa akiupanga mji kwa chakula. Kidau cha chumvi kilikuwa Manhattan. Zeituni zilikuwa viwanja vya zege. Kipande cha soseji kilikuwa bandari. Kwa uma alivuta mstari mmoja taratibu, kitambaa kikaingia kovu, na Nunzio akatambua mtaa wake, dirisha la Filippa, maisha yake yote, mapana kama ukucha. Wazee watano wakautazama mstari ule. Watu milioni nane walikuwa wanakula, wanafua na kuzikwa ndani ya mistari kama hiyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona. Nunzio alitamani kupiga magoti.

"Kijana," Don Liborio akasema, "mkate huo uliuuza au uliutoa?"

"Niliutoa, Don Liborio."

"Mbele ya meza hii hatudanganyi. Kama uliutoa, ni jambo la nyumba, mjomba wake atakuzaba kofi na yataisha. Kama binti alikulipa chochote, hata kifungo cha shati, hiyo ni biashara. Utaondoka mji huu kabla jua halijazama, usirudi, na ushukuru ukiondoka na vidole vyote. Binti ataolewa na binamu yake Cleveland."

Akaichoma bandari kwa uma ule, akaila.

Don Eustachio, bosi wa Nunzio, akajaribu kumtetea. "Dereva wangu ni mjinga, si mwizi. Baba yake alikuwa hivyo hivyo."

"Mjinga ana akili ya kuchagua dirisha la mpwa wangu?" Don Gesualdo akasema. Akageuka kwa hasira, kiwiko chake kikagonga glasi, mvinyo ukafunika Staten Island.

Hapo pana desturi. Wazee hawazungumzi juu ya kitambaa kilichochafuka, na mwanamke hakaribii meza ile isipokuwa aliyeleta kitambaa kisafi. Simu ikapigwa dobini. Don Gesualdo, wakati anamfungia mpwawe, alisahau kwamba ni binti huyo peke yake aliyejua kupiga pasi vitambaa vya wazee, na asubuhi hiyo wafanyakazi wa dobi walikuwa wamemtoa chumbani kwa ajili ya kazi.

Mlango ukafunguka. Gauni lile lile la kijani, viatu vile vile vyekundu, kitambaa kimekunjwa mikononi kama mtoto mchanga. Hakuwatazama wazee. Alimtazama Nunzio.

"Siku nne," akasema.

"Uliugeuza mkate."

"Mimi? Mimi nigeuze mkate? Mama yangu angefufuka anizabe."

"Ulikuwa kitini kwangu, tumbo juu."

"Na mimi dirisha langu lina misumari tisa. Uliza aliyeipigilia, yuko hapo anatafuna zeituni."

Don Gesualdo akaacha kutafuna.

"We mwanamume," Filippa akaendelea, "unavuka mpaka wa familia mbili alfajiri kumi na moja, halafu mkate mmoja tu unakurudisha?"

"Nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke kabla hujanipeleka hata sinema?"

"Watoto," Don Liborio akasema taratibu, na chumba kikakumbuka kilipo. "Binti, tandika. Halafu niambie. Ulimlipa kijana huyu kwa mkate wake?"

Nunzio akatikisa kichwa kidogo sana, kumsihi. Sema hapana, mpenzi. Neno moja dogo. Filippa akatandaza kitambaa, akalainisha kona ya Bronx kwa kiganja, akanyanyuka.

"Nililipa, Don Liborio."

Mtu mmoja jikoni akaangusha sahani. Nunzio akafumba macho, akaanza kuiaga mitaa kwa majina.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa busu. Moja kila mkate. Jumapili mawili."

Uso wa Don Gesualdo ukawa rangi ya bilingani. Don Liborio akaweka uma chini. Akawatazama wenzake mmoja mmoja, muda mrefu.

"Samaki ni wa nani?"

"Wangu," akasema mmoja.

"Zege?"

"Langu."

"Taka? Muziki? Vitambaa?" Mikono ikainuka. "Mikate tunajua. Basi niambieni. Katika mji huu, mabusu ni ya nani?"

Hakuna mkono ulioinuka. Wazee watano walitazamana juu ya kitambaa kisicho na mstari hata mmoja. Miaka ishirini na mitano waligawana kila kitu mpaka moshi wa mabomba ya moshi, na walipitwa na hiki. Don Eustachio alionekana kutaka kukidai, akaona haya. Mzee mwenye mgongo mbovu akafuta jicho na leso yake.

"Basi ni yao," Don Liborio akasema. "Kisicho cha mtu mezani hakijauzwa mezani. Kijana, utamwoa?"

"Hata leo."

"Sikukuuliza lini. Binti?"

"Akinipeleka sinema kwanza."

"Na mkate mmoja wa magharibi utavuka barabara kila siku, mpaka mmoja wenu afe. Mmoja. Kwa miguu, bila gari. Gesualdo, ng'oa misumari yako."

Wakaoana Oktoba. Waliohudhuria walikaa pande mbili za kanisa, na katikati, njia.

Hapo nilikuwa nimemaliza. Nimeweka kalamu chini, nimejinyoosha, ndipo mkono wenye harufu ya pasi ukapita juu ya bega langu na kuchukua karatasi. Mke wangu anasoma kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Ijumaa," akasema.

"Ijumaa."

"Na Don Liborio akala soseji."

Goti langu likatabiri mvua.

"Mwaka hamsini na sita," akasema, "Mkatoliki gani alitia nyama mdomoni siku ya Ijumaa? Na Don Liborio, aliyekuwa anafunga hata siku ambazo Papa mwenyewe anakula? Ilikuwa sardini, Nunzio. Nilikitoa mimi kile kitambaa, kilinuka wiki nzima."

"Bandari inafanana zaidi na soseji, Filippa."

"Hilo nalikubali."

"Na mengine?"

Akasoma tena chini, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Aliusoma ule ukurasa wa meza muda mrefu. "Mengine yaache," akasema. "Sanduku kubwa. Na usiwaambie wakuwekee zilizovunjika."

Nikavaa kofia. Duka la keki liko magharibi, sisi tunakaa mashariki, hapo hapo, ghorofa ya chini. Nilinunua sanduku kubwa, nikachukua na mkate wa ufuta, kwa kuwa ruhusa ni ya kila siku na leo sikuwa nimeitumia. Ukingoni mwa barabara nikasimama, nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Si magari niliyokuwa nayatafuta. Kisha nikavuka, sanduku mkononi, mkate kwapani, goti likilalamika.

Alikuwa ameshafungua dirisha.