Betri Chini ya Kitanda

Rafiki yangu, fundi wa magari, ndiye binti aliyemshikia baba yake spana tangu utotoni. Mzee alizoea kumwita kwa honi ya gari lake, mara tatu, fupifupi. Mzee alipofariki, baba wadogo wakampa gari hilo kaka wa rafiki yangu, asiyejua hata kufungua boneti. Haki gani hiyo! Gari likalala gerejini miaka tisa. Wivu haukulala hata siku moja. Asubuhi kaka alipopanga kuliwasha, rafiki yangu akachomoa betri mpya kimyakimya, akaificha chini ya kitanda chake.

“Njoo, dada, uone wenye gari!” kaka akatamba, akizungusha ufunguo kidoleni.

Dada akamfuata huku akizuia kicheko. Kaka hajagusa hata kufuli ya gereji, mle gizani injini ikakohoa, ikanguruma.

Kisha honi ikalia. Mara tatu, fupifupi.