Fundo la Ratamu

Asubuhi aliyoondoka kwenda kuchimba mawe ng'ambo ya mfereji, baba yangu Swelimu alisimama nje ya hema penye kichaka cha ratamu kilichojaa maua meupe. Akashika vitawi viwili, akavifunga pamoja. Ni mambo ya wanaume wa zamani huku kwetu Sinai: fundo likikutwa limefunguka, mke hakutulia.

Mama yangu, Nuweija, alicheka. "Wewe na wivu wako. Nina mtoto mgongoni, niende wapi?"

"Mkae hapahapa, wewe na mwanao," baba akasema, "mpaka nilifungue mwenyewe."

Hakurudi. Mawe yalimfukia kulekule machimboni.

Mama akakaa eda. Jua la kiangazi likakausha maua yote ya kichaka, isipokuwa yale ya kwenye fundo.

Siku chache baada ya eda nikashikwa na homa kali. Alfajiri mama alinibeba kunipeleka kisimani kwa babu, alikokuwako mganga wa sindano. Ni mwendo mfupi, njia aliyoijua tangu utoto. Akapanda kilima cha mchanga, akashuka. Mbele yake kikasimama kichaka chetu.

Akageuka, akafuata nyayo za mbuzi. Kichaka.

Akafuata korongo lililokauka. Kichaka tena. Mimi nilikuwa nimeacha kulia, na hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote.

Alilivuta fundo mpaka kucha zikavunjika. Kisu hakikupenya. Akapiga magoti.

"Swelimu," akanong'ona, "mwanao anakufa. Tuachie."

Upepo haukuwepo. Vitawi vikajikaza, vikalia kama kamba ya ndoo.

Basi akakitia moto. Akapita katikati ya moshi bila kugeuka nyuma, akafika kisimani adhuhuri. Nikapona. Tukahamia huko kwa babu, na tangu hapo alinikataza kabisa kupita njia ile, nami nikamtii miaka thelathini.

Juzi tumemzika. Leo asubuhi, nikienda mjini, nikaona nipite tu nipaone.

Kichaka kimechipua upya kutoka mizizini. Vitawi viwili vimefungwa, vina maua. Nikagusa majivu ya zamani chini yake. Bado yana moto.

Nimeondoka hapa mara tatu tangu asubuhi. Haya nayaandika nikiwa nimekaa kivulini mwake.