Askari Ndani ya Glavu

Rafiki yangu Chepkemoi msimuulize habari hii wakati wa chakula.

Yeye hutunza wazee huko Saint Louis Park, Marekani. Jumamosi moja jioni alimpeleka mmoja wa wazee hao, Walter, kwenye maonyesho ya vijisanamu vya askari. Walter akachagua kimoja, kirefu kama kidole gumba. Muuzaji akasema kwanza atamalizia kukipaka rangi mdomoni. Akalamba ncha ya brashi, chwap, akapaka, akalamba tena, chwap, mpaka uzi wa mate ukaning'inia kidevuni mwa yule askari. Chepkemoi akamsogezea karatasi ya kupangusia.

"Si ukipanguse basi!"

"Kitakauka," muuzaji akajibu, akilamba.

Kwenye gari, Walter akakiinua kijisanamu, akakibusu.

"Ai! Walter, wacha!"

Chepkemoi akavaa glavu, akamnyang'anya, kisha akaivua kama wanavyovua kazini, ndani ikatoka nje, kijisanamu na mate yake vikabaki vimefungiwa humo. Akaipiga fundo, akaiweka kando ya gia.

Giza lilikuwa limeshaingia walipofika barabara kuu. Chwap. Akamtazama Walter: amelala, mdomo ameufumba. Akazima redio. Chwap. Chwap.

Akaegesha pembeni, akawasha taa ya ndani. Fundo lilikuwa vilevile. Lakini glavu ilikuwa imevimba, imejaa mate mpaka kwenye vidole. Aliigusa, ilikuwa na joto la mdomo, na kidole kimoja cha glavu kilikuwa kikinyonywa kutoka ndani.