Samaki wa Njano wa Mama Ashraf

Haya yalimkuta rafiki yangu Selestina, mama yake Walter, kule Newala, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wenye korosho wakaanza kununua kila kitu roho ilichotaka. Jirani yake, Mama Ashraf, akawekewa sebuleni sanduku la kioo lenye mawe na samaki wa baharini, maji yake yakiletwa kwa madumu kutoka Mtwara. Selestina, anayepandisha ndoo kichwani kutoka bondeni, akaona wivu. Samaki walale majini, yeye aoge kwa kopo!

Siku moja Mama Ashraf akaenda Masasi kumwangalia mgonjwa. "Nilishie samaki wangu, Mama Walter. Huyu wa njano nilimchagua mwenyewe."

"Haya, nenda salama," Selestina akajibu, moyo unachemka.

Jioni akaenda na kata ya nyumbani kwake, akamchota yule wa njano. Mnyoo mwekundu, mrefu kama mkono, ukachomoza jiweni, ukaifuata kata mpaka juu. Selestina akatoka mbio, akamzika samaki chini ya mkorosho. Kata hakuisuuza, Newala nani anamwaga maji ovyo? Akaifuta kwa kanga, akairudisha mtungini.

Giza lilipoingia akachota maji ya kunywa, akayatema. Chumvi tupu. Ndani ya mtungi kukasikika chubwi, chubwi. Akasogeza kibatari.

Samaki wa njano alikuwa akizunguka taratibu, udongo wa mkorosho umemjaa machoni, na mnyoo mwekundu ukichungulia kutoka kinywani mwake.