Ufunguo wa Tatu

Mashine ilisema funguo ni tatu. Majidi akaipiga kofi ubavuni, kama anavyoipiga redio ya mkewe ikikwama, akasoma tena. Funguo zilizosajiliwa: tatu. Mkononi mwake alikuwa na mbili, ule wa kila siku na ule wa akiba, na tajiri wa gari alikuwa ameapa kwamba hajawahi kuwa na mwingine.

Basi akaufuta ule wa tatu. Mashine ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza ndiyo, ikatoa mlio wa kukubali. Funguo mbili. Majidi akashusha pumzi, akanywa maji, akarudi kuangalia tena kwa tabia tu ya fundi asiyejiamini. Funguo tatu.

"Wewe nawe," akaiambia mashine, "unanitafuta ubaya."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufikia Jumatano alikuwa ameufuta mara kumi na moja, na kila mara umerudi. Aliwapigia simu waliomuuzia ile mashine ya kusomea magari huko Dar es Salaam, wakamwambia azime kila kitu, asubiri dakika kumi, awashe. Alisubiri dakika kumi. Alisubiri nusu saa. Akapiga tena, wakamwambia azime kila kitu, asubiri dakika kumi, awashe. Majidi ni mtu mpole, lakini siku hiyo alitoa maneno ambayo mkewe Ummy, aliyekuwa anapembua mchele barazani, ilibidi ajifanye hakuyasikia.

Gari lilikuwa la Hilali, mfanyabiashara wa vitambaa, na lilikuwa limeegeshwa uani kwa Majidi, mtaa wa Cheyo, maana karakana yake na nyumba yake ni ua mmoja, geti moja la bati. Maji ya mvua yalikuwa yameingia chini ya kiti na kuua kisanduku kinachoendesha umeme wote wa gari. Ndani ya kisanduku cha namna hiyo mna chipu, kidude kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kazi yake kubwa ni kutomwamini mtu. Ukisogeza ufunguo, chipu inauliza swali la siri, ufunguo unajibu, na swali la leo halitarudiwa kesho. Jibu likikosewa injini haiwaki, hata ubembeleze vipi. Majidi aliwapenda watu waliobuni kitu kile. Aliwaona wana akili iliyotulia.

Kuna wakati mmoja tu ambapo chipu haiulizi. Ukifunga kisanduku kipya, fundi anakifungulia usajili, na kwa nusu dakika chipu inakaa inasubiri. Chochote kitakachosogea inakipokea na kukiandika kuwa ni cha nyumbani.

Majidi aliikumbuka vizuri ile nusu dakika ya Jumatatu. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama juu ya bati, yeye kichwa kipo chini ya dashibodi. Alikuwa ameshausajili ufunguo wa kwanza na wa pili, na zilikuwa zimebaki sekunde chache, mtu alipopiga hodi getini. Sauti kavu, ya mtu aliyetembea sana.

"Karibu!" Majidi akajibu bila kuinua kichwa. "Pita ndani, usisimame juani!"

Hakuingia mtu. Ilipita harufu tu, ya jasho la kale na kamba mbichi na ngozi iliyolowa, na Majidi akadhani ni mbuzi wa jirani.

Ummy alikuwa amemsema juu ya jambo hilo tangu wameoana. Bibi yake wa Bukene hakuwahi kuijibu hodi ya saa saba mchana kabla hajauliza ni nani, na asipojibiwa jina hafungui. "Unampa mtu karibu hujamwona uso," Ummy alikuwa akimwambia. "Siku moja utamkaribisha asiyefaa." Majidi alikuwa akicheka. Kwao mgeni aliyeachwa nje ni aibu ya ukoo mzima.

Lakini safari hii Ummy hakuwa anatania. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, na sasa alikuwa akiishi kwa kuhesabu siku, hanyanyui ndoo, hapiti penye mazishi. Mtoto huyu walikuwa wameshampa jina, kinyume cha desturi, kwa kuwa jina husubiri siku ya saba. Walilinong'ona wao wawili tu kitandani. Hata mama yake Majidi hakuwa analijua.

Siku hiyo hiyo ya Jumatano Hilali akapiga simu.

"Fundi, bado tu?"

"Bado kidogo, bosi."

"Bado kidogo, na unalizungusha gari langu barabarani?"

Majidi akalitazama gari. Lilikuwa palepale, boneti wazi, gurudumu moja limewekewa jiwe. "Lipo uani, bosi. Haliwaki hata."

Gari lile lilikuwa na laini yake ya simu ndani, linampelekea Hilali kwenye simu taarifa ya mahali lilipo. Hilali akasema polepole, "Linaniambia lipo barabara ya Kwihara. Ile njia ya zamani ya misafara. Jana saa saba lilikuwa hukohuko, linakuja mjini. Halafu fundi, linakwenda taratibu mno. Mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu."

"Itakuwa mtandao, bosi," Majidi akasema, lakini alipokata simu aliona kiti cha dereva kikibonyea, polepole, kama kinavyobonyea mtu mzito akikikalia, na vitasa vya milango vikajifunga mara tatu mfululizo.

Hakumwambia Ummy. Hilo nalo lilikuwa kosa lake, na baadaye alilijutia kuliko mengine yote.

Alhamisi Ummy akamletea chakula. Joto lilikuwa kali, miguu yake imevimba, na mlango wa gari ulikuwa wazi, kivuli kimeangukia kiti cha nyuma. Akakaa apumzike. Majidi alikuwa amempa mgongo, ananawa mikono, akasikia mlango ukijibamiza, na alipogeuka vioo vilikuwa vinapanda vyenyewe na vitasa vinalia, kimoja, cha pili, cha tatu, na Ummy ndani anapiga kioo kwa kiganja na mdomo wake unasema jina la mumewe lakini sauti haitoki, na Majidi akavuta mlango, akavuta wa pili, akachomoa waya wa betri akautupa mbali na bado vitasa vikaendelea kulia kama vinapata umeme wa mahali pengine, akachukua nyundo akapiga kioo mara nne na nyundo ikadunda kama anapiga gogo, na kule ndani jasho linamtiririka Ummy, macho yameanza kupotea, mkono mmoja ameuweka tumboni, na pembeni yake kwenye kiti kile kitupu ngozi ya kiti imebonyea, imemsogelea.

Majidi akaitupa nyundo, akabandika mdomo kwenye kioo.

"Ummy! Usilale! Nisikie, Ummy. Mwambie Ruaa avumilie. Ruaa, mwanangu, vumilia, baba yako nipo hapa, Ruaa!"

Vitasa vikafunguka vyote kwa pamoja. Mlango ukajisukuma nje taratibu, kwa heshima kabisa, na Ummy akamwangukia mikononi. Majidi alilia pale chini kwenye mafuta machafu, anamshukuru Mungu, wala hakujiuliza kwa nini milango imefunguka wakati ule.

Kesho yake akaja Bi Zamda, ameitwa na Ummy. Ni mama wa makamo, anauza ubani na udi sokoni, na simu yake haiachi kuita. Alitia kichwa ndani ya gari, akanusa, akakitoa haraka.

"Shikamoo, Bi Zamda," Majidi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nani alipiga hodi hapa ukamjibu hujamwona?"

Majidi akaeleza yote, mpaka ile nusu dakika. Alipoeleza habari ya chipu isiyomwamini mtu, Bi Zamda akamkatiza.

"Kwa hiyo una kidude kinachojua kuuliza wewe nani, na mwenyewe hujui?"

Ummy, aliyejilaza barazani, akageuza uso ukutani.

"Huyu ni wa njiani," Bi Zamda akasema, sauti ameishusha. "Enzi za misafara, mpagazi, mbeba mizigo, akishikwa na ndui walimwacha. Huyu akajikokota nyumba hadi nyumba anapiga hodi, hakuna aliyemfungulia, nao walikuwa na haki yao, walikuwa na watoto ndani. Akafia huko. Tangu siku hiyo anapiga hodi. Wewe ndiye wa kwanza kumwambia karibu. Ukimfuta kwenye mashine yako anaanza safari upya Kwihara, anakuja. Mgeni wa kukaribishwa hafutwi."

"Sasa nifanyeje?"

"Anasindikizwa, kama mgeni yeyote. Kesho saa saba. Mbebee mzigo wake, ule ufunguo wa akiba, uuweke kwenye kikapu na ubani. Tembea naye mpaka mwenyewe akwambie rudi. Kiweke kikapu chini, geuka, njoo zako." Akamshika mkono kwa nguvu. "Na mdomo wako, Majidi. Usimwambie neno la kumkaribisha. Hata la adabu. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Nimesikia, mama!" Majidi akajibu kwa hasira. Alikuwa amechoka. Siku tano za mashine, siku tano za Hilali, na sasa anafundishwa kunyamaza kama mtoto wa chuoni.

Jumamosi akamwachia Ummy agizo moja: afunge geti, asimfungulie mtu mpaka aulize. Akatoka na kikapu. Mtaa wa kwanza alisikia nyayo zake tu. Wa pili, zikawa za watu wawili. Zile nyingine zilikuwa za miguu mitupu, zinaburuta, na kila alipopunguza mwendo nazo zilipunguza, na ile harufu ya kamba na ngozi ikawa inakwenda sambamba na bega lake la kushoto, nyumba zikaachana, mashamba yakaanza, watu waliokuwa wakimsalimia wakawa wanatazama pembeni yake kisha wanainamisha macho na kupita haraka, naye anatembea tu, shati limemganda mgongoni, anajiambia kimya, kimya, kimya.

Penye daraja dogo nyayo zikasimama.

"Umenitendea wema, ndugu yangu," ile sauti kavu ikasema. "Umefika mbali. Rudi sasa, mkeo anakusubiri."

Majidi akaweka kikapu chini. Akahisi mwili wote umekuwa mwepesi. Yameisha, alifikiri, Mungu mkubwa, yameisha. Na kwa ile furaha, kabla kichwa hakijauwahi ulimi, akasema kile ambacho mama yake alimfundisha kumwambia kila mgeni anayeagwa.

"Haya. Karibu tena."

Upepo ukatulia kabisa.

"Asante," sauti ikajibu. Haikuwa kavu tena. Ilikuwa ya mtu aliyeshiba, na Majidi alijua ameshaisikia mahali fulani, ila hakukumbuka ni wapi. Alipotazama chini, kikapu kilikuwa kitupu.

Simu ikalia. Hilali. "Fundi, sasa unalikimbiza! Limetoka Kwihara hivi sasa, linaingia Cheyo! Punguza mwendo, utaniulia gari!"

Majidi akakimbia. Alikimbia mpaka akapata bodaboda, akashukia nyumbani bila kungoja isimame vizuri. Geti lilikuwa limefungwa. Akaligonga kwa ngumi zote mbili.

"Hodi! Ummy, hodi!"

"Nani?" Ummy akauliza kutoka ndani.

"Mimi, Majidi! Fungua!"

Ummy akasogea karibu na bati. Sauti yake ilikuwa ndogo, inatetemeka.

"Majidi ameshaingia. Yupo hapa nyuma yangu, anakunywa maji. Wewe ni nani?"

"Ummy, huyo si mimi! Toka nje! Toka, mke wangu!"

"Bi Zamda alinionya, yule wa njiani anaweza kuja na sauti ya mume wangu," Ummy akasema, analia. "Kama wewe ndiye mume wangu, taja jina. Lile letu. Hakuna mwingine anayelijua."

Majidi akabandika mdomo kwenye bati. Hata katika hofu ile alitazama kwanza nyuma, jirani asisikie. Ndani, sauti tulivu ya mwanamume, sauti yake mwenyewe, ikamtangulia.

"Ruaa."

"Ruaa," Majidi naye akasema, amechelewa.

Akamsikia Ummy akishusha pumzi, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilisubiri. Kisha komeo la geti likasukumwa mpaka mwisho, na nyayo za watu wawili zikarudi ndani ya nyumba pamoja, za mkewe zenye kandambili, na nyingine za miguu mitupu, zinaburuta.