Picha za Kifuniko

Jua lilikuwa linazama wakati napakia vifaa kwenye gari: kamera, stendi, betri, chupa ya chai. Mke wangu akatoka na blanketi begani.

"Leo naenda na wewe," akasema. "Nimechoka kuwa mke mdogo. Nataka nimwone huyo mkubwa anavyokaa na mume wangu."

Alimaanisha kamera. Siku haikupita bila kunichokoza, na mimi nilimpendea mdomo wake huo huo.

Tulikwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyofungwa, nje ya mji, mahali taa za mitaani hazifiki. Nilikuwa nawinda kundi la galaksi lililo mbali mno, hafifu kiasi kwamba jicho tupu halioni kitu. Mlinzi wa machimbo alitufungulia geti. Aliponiona nasimamisha stendi, akasogea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Piga utakavyo," akanong'ona. "Ila usiifunike jicho hiyo mashine. Si hapa."

"Kwa nini, mzee?"

Akatupa macho kwenye kuta za mawe. "Ikitazama juu, inaona ya juu. Ukiifunika..."

Akarudi kibandani na kujifungia.

Mke wangu alicheka, lakini blanketi alilivuta mpaka shingoni.

Kazi yetu sisi wapiga picha za anga ina utaratibu wake. Kitu hafifu hupigwa picha nyingi, kisha kompyuta inazirundika moja juu ya nyingine mpaka kionekane. Mwishoni unafunika lenzi na kupiga giza lenyewe, kwa sababu kamera ikipata joto huweka vidoa vyake. Kompyuta inavisoma vidoa kwenye picha hizo za kifuniko na kuvitoa kwenye picha nzuri. Hakuna anayezifungua kuzitazama. Ni nyeusi, utatazama nini?

Nilipomaliza kupiga anga, mke wangu alikuwa amelala garini. Nikayakumbuka maneno ya mlinzi, nikajicheka.

Nikafunika.

Wadudu wakanyamaza wote kwa mpigo. Ikaja harufu ya mawe yaliyopasuliwa sasa hivi, na pale hapajapasuliwa jiwe kwa miaka. Kisha nikasikia kitu kinagonga. Polepole, kama kiganja kwenye kioo.

Pu... pu... pu...

Niligeuka. Mke wangu alikuwa ameketi wima kwenye kiti cha gari, ananitazama.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Sijasikia kitu. Twende nyumbani."

Njia nzima hakunichokoza hata mara moja. Nikasema ni usingizi. Kesho yake, vilevile. Nikilalamika chai haina sukari, anaongeza. Nikitaka taa izimwe, anazima. Wiki nzima nyumba yetu ilikuwa na amani, na amani hiyo ikaninyima usingizi.

Nikajitia kazini. Kompyuta ikarundika picha, ikatoa vidoa, galaksi zikajitokeza nyingi, nzuri ajabu. Lakini katikati palikuwa na pengo jeusi, limekatwa kama kwa mkasi.

Pengo la umbo la mtu.

Kitu kilichotolewa hapo kilitoka kwenye picha za kifuniko. Nikazifungua moja moja. Ya kwanza nyeusi. Ya pili nyeusi. Iliyofuata ilikuwa na weupe pembeni... kiganja. Halafu viganja viwili. Halafu uso.

Mke wangu. Blanketi begani, mdomo wazi, anagonga.

Kila picha alikuwa karibu zaidi. Ya mwisho alikuwa analia.

Nilitoka nyumbani mbio hadi machimboni, nikamkuta mlinzi anawasha taa yake ya jioni. Sikuhitaji kumweleza. Alinitazama tu, akajua.

"Anaweza kutoka?" nikauliza.

"Hizo picha bado unazo?"

"Zipo kwenye kompyuta."

"Basi na yeye yupo. Zilete hapa, uzifungue chini ya anga. Na huyo uliye naye ndani..." akashusha sauti, "asijue."

Niliendesha gari kama mwizi. Nikaingia sebuleni nahema. Mke wangu alikuwa mezani, kompyuta yangu iko wazi mbele yake.

"Ilikuwa inalalamika imejaa," akasema. "Kulikuwa na picha nyeusi tupu, hazina kitu. Nimezifuta zote."

Nikafungua pipa la takataka la kompyuta; nalo tupu. Kadi ya kamera nilishaisafisha siku nyingi, kama tunavyofanya sote.

"Nimekosea?" akauliza, kwa upole.

Mke wangu niliyemwoa angenigombeza kwa kujaza mashine takataka. Nilisubiri anigombeze. Alinitazama tu, ametulia, mpaka nikasema hapana, hujakosea.

Mpaka leo tunalala kitanda kimoja na simgeuzii mgongo. Kama ni mke wangu kweli, namtesa bure kwa woga wangu. Kama siye, basi mke wangu aliniita usiku ule kwa nguvu zake zote, na mimi nilikuwa nimesimama palepale, napiga picha.